Uchambuzi: Vyumba vya familia na masharti ya watoto katika meli za utalii za Florida

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua vyumba vya familia katika meli za utalii zinazong'oa nanga Miami na Port Canaveral, kwa kampuni tatu: Royal Caribbean, Carnival na Disney. Chakula na maonyesho ya jukwaani nimeviacha kando, maana vimekwisha kusifiwa vya kutosha. Mzazi anayekata tiketi anahitaji kwanza kujua watoto watalala wapi, na nani ataandikwa nao chumba kimoja.

Tuanze na ile picha ya chumba cha watu wanne mnayoonyeshwa mtandaoni. Picha hiyo kwa kawaida hupigwa mchana, wakati kitanda cha tatu kimekunjwa darini na cha nne bado ni kochi. Usiku mhudumu akishavishusha na kuvifungua, ngazi ya kitanda cha juu husimama pale pale mlipokuwa mkipita kwenda msalani, na masanduku yasiyoingia uvunguni hayana pa kukaa. Chumba cha ndani, kisicho na dirisha, mara nyingi huwa na mita za mraba kati ya 14 na 17, kwa hiyo mkiomba na kitanda cha mtoto mchanga juu ya hivyo vinne, sakafu imekwisha. Kwa maoni yangu, chumba cha namna hiyo kinawafaa wazazi wawili na watoto wawili wanaolala wakati mmoja na wazazi wao; familia yenye mtoto wa kuamka usiku wa manane itakijutia.

Hapo ndipo Disney inapowapita wenzake. Vyumba vyake vingi vimegawa bafu mara mbili, upande mmoja choo na sinki, upande wa pili sinki jingine pamoja na mahali pa kuogea, na asubuhi ya kushuka bandarini mtaona faida yake. Royal Caribbean nayo, katika meli ya Icon of the Seas iliyoanza safari Januari 2024, ina chumba cha familia ambamo watoto wana kijichumba chao chenye vitanda vya ghorofa, na bafu lake pia limegawanywa. Ni kizuri kweli, ila bei yake nayo ni ya kweli.

Kwa familia zetu, ambazo aghalabu zina watoto zaidi ya wawili na bibi juu yake, ninapendekeza vyumba viwili vyenye mlango wa kuviunganisha kwa ndani. Someni maneno kwa makini wakati wa kuweka nafasi, kwa sababu vyumba vilivyopakana si lazima viwe na mlango huo.

Sasa masharti. Katika safari zinazoanzia Amerika Kaskazini, Royal Caribbean haimwandiki mtu aliye chini ya miaka 21 katika chumba kisicho na mwenzake mwenye umri huo au zaidi, isipokuwa wazazi wawe chumba cha jirani. Kwa hiyo mjomba wa miaka 20, hata awe mwaminifu namna gani, hahesabiwi kuwa msimamizi, ilhali bibi anahesabiwa. Carnival ni kali zaidi kwa umri wa msimamizi, kwani inataka awe na miaka 25 au zaidi, kisha inahesabu milango: mtoto wa miaka 12 au chini yake hawekwi mbali zaidi ya vyumba vitatu kutoka kwa mkubwa wake, au mkabala naye ng'ambo ya ujia, na kijana wa miaka 13 hadi 17 anaweza kufika vyumba 10.

Wapo wanaoandika mzazi mmoja katika kila chumba, kisha wakishapanda wanapanga upya nani alale wapi. Si jambo baya, lakini kumbukeni kwamba kituo cha kukusanyikia wakati wa dharura hufuata chumba mlichoandikishwa, na bangili anayovishwa mtoto mdogo ina alama ya kituo hicho. Mtoto mchanga naye ni abiria kamili katika hesabu za mashua za uokoaji. Ndiyo maana mnaweza kukataliwa kumwongeza hata kama kitanda kipo: nafasi za upande ule wa meli zimejaa. Kwa safari ya saa 24 au zaidi, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka kila mtoto mchanga awe na jaketi lake la kujiokolea. Ombeni mlione siku ya kwanza.

Umri wa chini kabisa katika kampuni zote tatu ni miezi sita, na miezi 12 kwa safari ndefu kama za kuvuka Atlantiki. Umri huo huhesabiwa siku ya kupanda. Mtoto wa nepi haruhusiwi kuingia katika mabwawa ya kuogelea, hata akivaa nepi za kuogelea. Ana sehemu yake ya kurushiwa maji, pale inapokuwepo. Birika la umeme haliruhusiwi, hunyang'anywa mlangoni mnapopanda, basi anayetegemea kukoroga uji wa mtoto chumbani aombe maji ya moto mkahawani.

Kuhusu roshani, sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka kizuizi chake kisipungue inchi 42, yaani kama sentimita 107. Urefu huo unatosha hadi mtoto atakaposogeza kiti. Mimi ningemwomba mhudumu aviondoe viti vyote.

Bei imalizie. Nauli hupangwa kwa watu wawili wa kwanza, na punguzo, likiwepo, huanzia kwa wa tatu. Mzazi mmoja anayesafiri na mtoto mmoja atamlipia mtoto huyo kama mtu mzima, basi achague chumba cha ndani kilicho katikati ya meli, katika sitaha za chini ambako mawimbi hayasikiki sana, na fedha iliyobaki aiweke kwa matembezi ya bandarini.