Kituo cha APEX Kilivyotusaidia Kupata Kazi Tuliyoahidiwa

Mume wangu alitoka katika jeshi la Marekani na ulemavu alioupata kazini, na kampuni yetu ya usafi wa majengo hapa Texas, ambayo mmiliki wake mkuu ni yeye, ilistahili cheti cha biashara ya mwanajeshi wa zamani, kinachotolewa na SBA, idara ya serikali ya Marekani inayosaidia biashara ndogo, tangu Januari 2023. Tulikuwa tayari kumlipa dalali dola 600 atusajilie kwenye SAM, mfumo wa mtandaoni ambamo biashara hujisajili ili zipate mikataba ya serikali ya Marekani, ndipo jirani akatuelekeza kwenye vituo vya APEX Accelerators, vinavyozishauri biashara zinazotafuta kazi za serikali na kusaidiwa na Wizara ya Ulinzi. Mama aliyetuhudumia alitueleza mapema kwamba usajili ule ni bure, cheti ni bure, na ushauri wake pia hatutaulipia.

Kilichonifanya niandike, hata hivyo, ni kikao cha pili. Mkandarasi mmoja mkubwa alikuwa ameliweka jina letu na bei zetu katika zabuni yake ya serikali, kwa kuwa alitakiwa kuonesha jinsi atakavyogawia biashara ndogo sehemu ya kazi. Alipokwisha kushinda, simu zetu hazikupokelewa tena. Niliamini kwamba tumeambulia patupu. Mshauri aliitandaza karatasi yetu ya bei mezani, akapigia mstari kwa penseli tarehe na idadi ya ghorofa, kisha akatufafanulia kwamba mkandarasi wa namna hiyo, akitumia bei za biashara ndogo kuandaa zabuni, anapaswa kujitahidi kwa dhati kuipa kazi ileile na kwa kiasi kilekile, na asipofanya hivyo amweleze sababu kwa maandishi afisa wa serikali anayesimamia mkataba, si zaidi ya siku 30 baada ya mkataba kukamilika. Tena haruhusiwi kutukataza kuzungumza na afisa huyo kuhusu malipo yetu. Miaka yote ya kuhangaika na zabuni, hilo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, naye akaisahihisha mara mbili. Wiki tatu baadaye tulitia saini mkataba wa ghorofa mbili kati ya tano tulizoahidiwa, na mishahara ya wafanyakazi wetu wanne ikapatikana.

Anayetaka kuandikiwa zabuni hatapata huduma hiyo huko, kwani wanakufundisha uandike mwenyewe. Ukienda, beba barua pepe zote mlizoandikiana na mkandarasi, pamoja na bei uliyompa, vyote vikiwa na tarehe.