Dila wa gari za bei mbaya hapa Mwanza: sebule nzuri, sevisi inatuumiza

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Mwanza, Geita, Bunda mpaka Musoma mnaoendesha hizi gari za Kijerumani za bei mbaya au mnaozipigia hesabu, hasa zile zenye shokapu za upepo, maana nimeacha hela nyingi sana kwenye idara ya sevisi ya hawa jamaa na naona watu wanaingia pale wakiamini kwamba ukishalipa bei ya dila basi umemaliza matatizo. Jina la kampuni sitaji na nembo ya gari nayo sitaji, kwa sababu ukitaja nembo umeshamtaja dila. Ninachotaka mjue ni jinsi wanavyofanya kazi. Nawapa nyota mbili kati ya tano.

Nianze na hizo mbili. Sehemu ya kusubiria ni safi, kiyoyozi kinafanya kazi, chai ipo, choo kisafi, dada wa mapokezi ana lugha nzuri mno na jina lako analikumbuka. Spea wanazofunga ni orijino, hapo sina ubishi kabisa, niliomba namba ya kwenye boksi nikailinganisha na namba ya chesisi ya gari yangu kwenye katalogi ikakubali. Risiti ya EFD unapewa bila kuomba. Gari ikitoka imeoshwa ndani na nje. Basi, nyota zao ni hizo.

Sasa tatizo lenyewe. Mimi biashara yangu iko Mwaloni Kirumba, dagaa na kayabo, na siku nyingi niko njia ya Sengerema na Geita kufuata mzigo na kudai madeni, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 ndo nimezidisha, pale tulipokuwa tunapanga foleni ya kivuko mpaka unakata tamaa sasa zile kilomita tatu unakatiza dakika chache tu uko ng'ambo. Kwa hiyo gari inatembea kweli kweli, lami na vumbi, sio gari ya kupaki Capripoint watu waione. Ikaanza kulala upande mmoja. Jioni naipaki imekaa sawa, asubuhi kona ya nyuma kushoto iko chini kabisa, nikiwasha inapanda taratibu na kompresa inalia muda mrefu kuliko kawaida, halafu baadae taa ya saspensheni ikawaka ikagoma kuzima. Nikaipeleka kwa dila, sababu mfumo huu gereji bubu nyingi hawauwezi.

Kijana wa kupokea magari, wao wanamwita sevisi advaiza, nikiwa ndo naanza kumweleza akaniuliza, "Mama, baba yupo? Ingekuwa vizuri tukamuelezea yeye, haya mambo ni ya kiufundi kidogo." Nikamwambia mwanangu, kadi ya gari ina jina langu, anayelipa ni mimi na anayeendesha ni mimi, nieleze mimi. Akaomba radhi. Lakini kuanzia pale kila kitu nilichokuwa namwambia alikuwa anakipokea juu juu, anaitikia "sawa mama, sawa mama" huku anaandika. Akina dada na akina mama wenye magari yao mtanielewa, hili linatokea sana na linauma, na tena sio swala la heshima peke yake maana lilinigharimu hela kama mtakavyoona.

Nikaomba kuongea na fundi mwenyewe. Hairuhusiwi, utaratibu wa kampuni, mteja haingii wokshopu kwa usalama wake. Usalama naukubali. Ila fundi si anaweza kutoka nje dakika tano akanisikiliza? Hapana. Unamweleza advaiza, advaiza anaandika kwenye jobukadi kwa maneno yake yeye, na fundi anafanya kazi kwa kusoma yale maneno. Mimi nilisema kona ya nyuma kushoto, inashuka usiku, gari ikiwa imezimwa. Kwenye jobukadi nilipokuja kuisoma baadae kulikuwa na mstari mmoja tu: mteja analalamika taa ya saspensheni inawaka. Kona gani haipo, saa ngapi haipo, imezimwa au inatembea haipo, yaani kila kitu ambacho kingemwonyesha fundi pa kuanzia kimeachwa.

Naomba nieleze huu mfumo kidogo maana bila kuuelewa huwezi kuona nilipoumizwa. Badala ya springi za chuma kuna mipira ya upepo, kuna kompresa moja inayosukuma upepo, kuna bloku ya valvu inayogawa upepo uende kona ipi, kuna sensa zinazopima gari imekaa juu kiasi gani, na kuna rilei inayoiwasha na kuizima kompresa. Mpira ukizeeka unapata nyufa ndogo ndogo kwenye mkunjo, na vumbi na kokoto za barabara zetu zinaharakisha. Upepo unavuja taratibu usiku kucha, asubuhi sensa inaona kona imeshuka, kompresa inaamriwa ijaze. Na hizi kompresa hazikutengenezwa zifanye kazi mfululizo, zinajaza kidogo zinapumzika, sasa ikiwa kila siku inafukuzana na uvujaji inapata moto kupita kiasi, inachoka, mwisho inakufa. Kwa hiyo kompresa iliyokufa mara nyingi ni matokeo, chanzo kiko pale panapovuja. Ukibadili kompresa ukaacha uvujaji ni sawa na kununua pampu mpya ya baiskeli wakati tairi lina pancha.

Na ndicho walichofanya. Wakachomeka mashine kwenye ile soketi ya pini 16 iliyoko chini ya usukani, mashine ikaleta kodi ya hitilafu, yaani namba ya kosa (code) inayotoka kwenye kompyuta ya gari, inayohusu kompresa, wakaniandikia proforma ya kompresa mpya, milioni nne na ushee ukijumlisha ufundi na VAT. Jamani kodi ya hitilafu inakwambia uanze kutafuta wapi, haikwambii kitu gani kibadilishwe. Kompyuta ya gari inaona tu kwamba kompresa imefanya kazi muda mrefu na presha haijafika panapotakiwa. Hiyo inaweza kuwa kompresa yenyewe imechoka, inaweza kuwa paipu imelegea, inaweza kuwa valvu, inaweza kuwa mpira. Kujua ni ipi kati ya hizo ndo kazi ya fundi, na kwa bei ile ninayolipa, hicho ndo ninachonunua. Kufungua boksi la spea na kukaza nati nne hakuhitaji dila.

Kompresa haikuwepo Mwanza wala Dar, ikaagizwa nje. Gari ya kutumia wakati nasubiri hawatoi, haya, labda hilo ni la wenzetu wa nchi nyingine, nikawa siku za mzigo nakodi Noah. Kilichonichosha zaidi ni simu. Nikipiga naambiwa "mama tunafuatilia, tutakurudia," na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudia. Nikienda mwenyewe nawekwa kwenye ile sebule nzuri naletewa chai. Mimi nina wateja wangu wanaotoka Kongo kufuata dagaa, mzigo ukichelewa nawapigia kabla hawajanipigia, nawaambia umekwama wapi na unafika lini, na hao wananunua kwa hela ndogo kuliko mimi niliyoacha pale kaunta.

Ikafungwa, nikalipa, nikaondoka. Haikuchukua muda kona ile ile ikaanza kulala.

Nikarudi. Safari hii advaiza akaangalia akasema inaonekana ni mpira wa upepo, tukuandikie proforma nyingine. Nikamuuliza, wakati mnafunga kompresa mpya mlipima kama kuna sehemu inavuja? Akaingia ndani, akakaa, akatoka, akaniambia "mama, ile kompresa wewe mwenyewe uliidhinisha." Hilo neno lilinikata maini. Niliidhinisha kwa sababu ninyi wataalamu ndo mliniambia ndo tatizo, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, nitaidhinisha kitu gani kingine?

Hapo ndo nikampelekea mzee mmoja fundi maeneo ya Nyakato, mtu mzima, sehemu yake ni ya kawaida kabisa, bati na sakafu ya saruji. Tukasalimiana mwangaluka, akaniuliza maswali mengi kuliko niliyoulizwa kwa dila muda wote: inashuka kwa muda gani, upande upi, ukiwa umebeba mzigo au haina kitu, ukipaki juani au kivulini. Akaweka stendi kwanza, maana gari ya upepo hulali chini yake hivi hivi, inaweza kushuka ikakubana. Akachukua chupa ya maji ya sabuni akapuliza kwenye mpira, kwenye maungio ya paipu, kwenye valvu. Mapovu yakatoka kwenye mkunjo wa mpira wa kushoto. Akaniita niiname nione kwa macho yangu, nikapiga picha. Akauliza pia kama walibadili rilei, kwa sababu rilei ya zamani inaweza kugandana ikaiacha kompresa inawaka bila kuzima mpaka na ile mpya ikaungua, ndo maana ukibadili kompresa unaweka na rilei mpya, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha. Tukasoma invoisi. Rilei haimo.

Maji ya sabuni. Dila ana mashine ya mamilioni na hakutumia maji ya sabuni.

Nilipowapelekea picha wakasema kwa kuwa gari imeguswa na fundi wa nje, waranti ya ile kompresa sasa ina mashaka. Hapa niseme kitu kwa sauti maana wengi tunatishwa na hii kauli. Marekani wana sheria tangu 1975, inaitwa Magnuson-Moss, mtengenezaji haruhusiwi kukufungia waranti kwa masharti kwamba lazima utumie spea au sevisi ya nembo yake, labda kama anakupa bure. Ulaya nako gereji huru zinafanya sevisi na waranti inabaki. Sisi sheria hizo sio zetu, lakini mkataba wa waranti ni karatasi na karatasi inasomwa, mimi wa kwangu nimeusoma mstari kwa mstari na hakuna panaposema mtu akikagua gari kwa maji ya sabuni waranti inakufa. Nikawaomba wanionyeshe wao hicho kipengele. Wakaacha kuitaja waranti. Na tukikwama kabisa Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa sheria ya 2003 na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, sio soda na sabuni tu.

Vijana wa wokshopu siwalaumu, na nataka hili lieleweke vizuri. Mmoja nilikutana naye getini anatoka kazini, akanitambua kwa gari, nikamsimulia. Akasikitika kweli, akaniambia, "Mama, ningejua inashuka usiku ikiwa imezimwa ningeanza na mipira, ila mimi kadi yangu iliandikwa taa tu." Kijana amesoma, kazi anaijua, na mimi taarifa nilikuwa nayo. Katikati yetu kuna kaunta moja na mtu mmoja anayeandika mstari mmoja. Hela yangu imepotelea hapo.

Masaa ya ufundi nayo yaangalieni. Wanachaji kwa saa zilizopangwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, sio saa ambazo fundi ametumia kweli, kwa hiyo kabla ya kusaini ulizeni kazi hii imepangiwa saa ngapi na saa moja ni shilingi ngapi, wanayo hiyo karatasi, wataitoa ukiikomalia. Betri hivyo hivyo, kwenye gari nyingi za namna hii betri mpya inabidi isajiliwe kwenye kompyuta ili chaji iendane nayo, muulizeni kama imefanyika, na iandikwe kwenye invoisi.

Na spea ya zamani idaini. Kompresa yangu niliyoondolewa niliomba nirudishiwe, nikaambiwa imeshatupwa. Ni mali yangu, nani aliruhusu itupwe? Inawezekana kabisa ilikuwa bado nzima au ilihitaji kitu kidogo, na sasa hakuna wa kuthibitisha. Siku hizi nikiingia sehemu yoyote ya sevisi naandika mwenyewe kwa mkono kwenye jobukadi kabla ya kusaini: tatizo kwa maneno yangu, spea zote za zamani nirudishiwe, na kitu chochote kisibadilishwe kabla sijaelezwa kimepimwaje. Advaiza ananikunjia sura lakini anapokea, nakala moja naondoka nayo na nyingine naipiga picha hapo hapo.

Mpira nimefunga kwa yule mzee wa Nyakato, orijino, nimeagiza kwa namba ya chesisi, akaweka na rilei mpya. Kimo cha gari kutoka chini ilibidi kipangwe upya kwa mashine na mashine anayo, ndogo lakini inafanya kazi. Gari inalala sawa usiku kona zote. Kwa dila nimepeleka barua na nakala nimetuma makao makuu Dar, nadai gharama ya ufundi wa ile kompresa irudishwe na maelezo ya maandishi kwa nini uvujaji haukupimwa. Nimesainiwa kwamba barua imepokelewa. Wakinijibu nitakuja kuandika hapa walichosema, na wakilipa nitawaongezea nyota.