Kibanda cha Vitabu vya Mitumba Moshi, na Maisha ya Daktari Martin Delany

Mwezi uliopita nilinunua kwa shilingi 15,000 kitabu cha maisha ya Martin Robison Delany, daktari mweusi wa Marekani aliyeingia katika siasa, kutoka kibanda cha vitabu vya mitumba kilicho karibu na stendi kuu ya mabasi hapa Moshi. Ninaeleza habari za kitabu na za kibanda kwa pamoja, kwa kuwa bila mzee anayekiendesha nisingeyajua maisha hayo mpaka mwisho.

Mzee huyo hawaharakishi wateja. Ukishampa shikamoo yake anakusogezea kigoda na kukuuliza kazi yako. Nilipomwambia kwamba mimi ni afisa tabibu, alichomoa kitabu chenye jalada la kijani lililopauka, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akasema, “Huyu naye alianzia chini, mwanangu. Soma kwanza, bei tutazungumza.” Nilisoma pale pale karibu saa nzima, wala hakuniuliza kama ninanunua au sinunui.

Ni kweli kwamba alianzia chini. Delany alizaliwa mwaka 1812 huko Charles Town, Virginia, baba yake akiwa mtumwa na mama yake akiwa mtu huru. Kuwafundisha watoto weusi kusoma kulikuwa kosa katika jimbo hilo, na ilipojulikana kwamba watoto wa mama huyo, Pati, wanasoma, ilimbidi ahame nao mwaka 1822 kwenda Chambersburg, Pennsylvania. Akiwa na umri wa miaka 19 kijana huyo alikwenda kwa miguu mpaka Pittsburgh, ambako alijifunza uganga kwa kufanya kazi chini ya madaktari, akianza na kuumika na kutia ruba. Kipindupindu kilipoingia mjini humo mwaka 1854 na madaktari wengi wakakimbia, yeye alibaki na wagonjwa. Mimi nimewahi kufanya zamu katika kambi ya kipindupindu. Ninaijua harufu ya klorini na vile vitanda vyenye tundu katikati, na ninajua kwamba tunaingia mle ndani kwa ujasiri kwa sababu tuna dripu. Delany hakuwa nayo. Ukurasa huo niliusoma mara tatu.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1850, alikuwa amepokelewa katika shule ya udaktari ya Harvard pamoja na vijana wengine wawili weusi. Baadhi ya wanafunzi weupe waliandika barua ya kupinga, na walimu, wakiongozwa na Oliver Wendell Holmes, wakaamua kwamba watatu hao wamalize muhula wa majira ya baridi na wasirudi tena. Nadhani siasa zake zilikolea hapo, ingawa tayari alikuwa amechapisha gazeti lake mwenyewe na kuhariri jingine pamoja na Frederick Douglass, mwanaharakati mweusi aliyepinga utumwa. Mwaka 1859 alifika Abeokuta, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, akatia saini mkataba na wakuu wa Waegba ili Wamarekani weusi wapate mahali pa kuishi, mpango ambao haukutimia. Mwaka 1865 alionana na Rais Lincoln na akapewa cheo cha meja, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata cheo hicho kama afisa wa vikosi vya mapigano katika Jeshi la Marekani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alihudumu South Carolina katika ofisi ya serikali iliyowashughulikia watu waliotoka utumwani, na mwaka 1874 akagombea unaibu gavana wa jimbo hilo, akashindwa.

Hapo kitabu kilinikatikia. Kurasa 16 hazikuwemo, na niligundua nikiwa nyumbani usiku. Nilirudi kibandani nikiwa na hasira, kwa sababu muuzaji wa vitabu anapaswa kukagua anachouza. Mzee hakubisha. Alikipanua kitabu mgongoni, akanionyesha uzi uliokatika mahali ambapo fungu zima la karatasi lilichomoka, kisha akakumbuka kwamba nakala nyingine ya kitabu hicho aliwahi kumwuzia mwalimu mmoja wa sekondari. Siku nne baadaye alinikabidhi kopi za kurasa zote 16, zimekatwa kwa kipimo na kubandikwa kwa gundi mahali pake, wala hakunitoza hata senti.

Kurasa zenyewe ni chungu. Delany alishtakiwa kwa udanganyifu wa fedha, akatiwa hatiani, akasamehewa na gavana. Katika uchaguzi wa gavana wa mwaka 1876 alimuunga mkono Wade Hampton, aliyekuwa jenerali wa jeshi lililopigania utumwa, na wapiga kura weusi walimwona kuwa msaliti. Alikuwa amechoshwa na ufisadi wa chama chake na jinsi vyeo vilivyobaki mikononi mwa weupe, akaamini kwamba mapatano na wenyeji weupe yangewalinda watu wake. Kwa maoni yangu alikosea vibaya. Hampton alimrudishia kazi ya uhakimu aliyoipoteza baada ya kutiwa hatiani, lakini jimbo likarudi mikononi mwa wale wale waliokuwa mabwana. Mwandishi haifichi habari hii wala haitumii kufuta yaliyotangulia, na hilo ndilo lililonifanya nikiheshimu kitabu. Delany aliirudia kazi ya udaktari ili kuilisha familia yake, akafariki tarehe 24 Januari 1885 huko Wilberforce, Ohio.

Lugha ya kitabu ni Kiingereza kizito na herufi zake ni ndogo, hivyo anayesoma usiku ajiandae kwa taa nzuri. Atakayekwenda kibandani ahesabu kurasa kabla ya kulipa, na asione haya kufanya hivyo mbele ya mzee, kwani sasa naye anazihesabu. Katika kopi zangu, mstari wa mwisho wa ukurasa mmoja ulikatwa na mashine. Mwalimu aliniazima nakala yake, nami nikauandika kwa kalamu ya wino pembezoni.