Miaka 6 gereji, saa 40 angani: uzoefu wangu na RV-9A ya kujiundia

Nilipompigia mama simu kumwambia nimenunua "kit" ya ndege, yeye alisikia kiti. "Kiti cha ndege? Alhamdulillahi, mwanangu! Sasa unatua Dar lini?" Ikabidi nianze upya. Si kiti mama, ni ndege yenyewe, ila imekuja vipande vipande kwenye masanduku, nitaiunga mwenyewe gereji. Simu ikawa kimya. Halafu akasema, "Baba yako kagonga masufuria Gerezani miaka thelathini, na hakuna hata moja lililoruka."

Naandika haya kwa sababu Waswahili wenzangu wa huku Minnesota, na wa nyumbani pia, hawaishi kuniuliza kama kweli mtu wa kawaida anaweza kuunda ndege na ikaruka. Anaweza. Ila hakuna anayeniuliza ikisharuka kinafuata nini. Ile miaka 6 ya gereji ningeirudia hata kesho. Kilichonitia adabu ni saa 40 za baada ya hapo.

Ndege yenyewe ni RV-9A ya Van's Aircraft, kampuni ya Oregon iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Inabeba watu wawili bega kwa bega, ina gurudumu la mbele, na ni ya mabati ya alumini tupu. Ukoo wa RV ni mkubwa, ndege zaidi ya 11,000 zimeshaundwa na wateja na kuruka, na nyingi zimetengenezwa kwa watu wanaopenda kupinduka angani. 9A si ya hayo. Mabawa yake ni marefu zaidi, inatua taratibu, na inasamehe. Mimi ni fundi wa viyoyozi, siku nzima nakata na kukunja bati la mifereji ya hewa, kwa hiyo alumini haikunitisha. Urubani nilikuwa nao tayari, wa leseni ya kawaida ya binafsi.

Mzigo unanunuliwa kwa awamu: mkia, kisha mabawa, kisha kiwiliwili, kisha umaliziaji. Injini, propela na vifaa vya dashibodi unajitafutia. Utaratibu huu naupenda. Mkia ndio wa bei ndogo, ukiona kazi haikufai unauza na kuachana nayo kabla hujauza nyumba. Mimi nilianza mkia mwaka 2016. Mpaka ndege inaruka nilikuwa nimetumia kama dola 85,000, na hapo injini, Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 160, nilinunua iliyotumika ikafanyiwa ukarabati mkubwa. Msipige hesabu kwa namba zangu. Mwishoni mwa 2023 kampuni iliingia chini ya ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai, ikatoka 2024 ikiendelea na kazi, lakini bei zilipanda.

Ubora wa vipande: matundu yote yamekuja yametobolewa, na yanaoana. Unashika bati mbili, unazibana kwa zile pini za muda ziitwazo kleko, na umbo linajitokeza lenyewe mezani. Ila kila tundu unalipanua kwa drili, unalilainisha kingo pande zote mbili, unalibonyeza kutengeneza kidimbwi cha kichwa cha ribiti, kile kijiti cha alumini kinachoshikanisha bati, ndipo ugonge. Fanya hivyo mara elfu kadhaa. Wiki za mwanzo nilikuwa naota matundu.

Kugonga ribiti kunataka watu wawili, mmoja na bunduki ya hewa upande wa nje, mwingine ameshika donge la chuma upande wa ndani. Wa ndani alikuwa mke wangu, kwa sababu mkono wake unapita pale wangu unapokwama. Kipimo ni kimoja: kichwa cha nyuma kikishabonyea, upana wake uwe mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti na kimo chake nusu ya kipenyo. Chini ya hapo piga tena, ikilala upande chimba uitoe. "Baba Neema, hii imelala," ilikuwa sentensi niliyoisikia kuliko zote miaka ile. Alikuwa hanionei huruma, na leo nikiwa futi 6,000 juu ya maziwa nashukuru hakunionea.

Kazi niliyoichukia ni matangi ya mafuta, ambayo kwenye ndege hii yamo ndani ya mabawa yenyewe. Unayaziba kwa dawa nzito inayonata kama ubuyu uliomwagika, inanuka, na ikigusa suruali hiyo suruali imekwisha. Kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri haikauki, kwa hiyo Januari nzima gereji ilikuwa na joto kuliko chumba cha watoto. Kupima kama tangi linavuja ni kama kutafuta pancha ya baiskeli. Unafunga matundu yote, unavalisha puto kwenye mrija, unajaza hewa kidogo mpaka puto lisimame, kisha unapaka maji ya sabuni na kutafuta mapovu. Tangi la kushoto lilikaa na puto lake siku mbili bila kusinyaa. La kulia lilinitoa mapovu kwenye kona moja ya nyuma, nikalifungua upya.

Kioo cha juu nilikikata Julai, kwa makusudi, maana plastiki ile baridi huipasua. Nyaya nazipita, hazina hadithi.

Kuhusu sheria, maana naulizwa sana: FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inataka sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na mtu asiye kiwanda, kwa kujifunza au kujiburudisha. Weka picha na daftari la kila siku. Mkaguzi akija anasoma daftari kabla hajashika bisibisi. Ukipita unaweza kuomba cheti cha kuifanyia hiyo ndege yako ukaguzi wa kila mwaka mwenyewe, na hicho peke yake kinaokoa pesa nyingi. Kisha unapewa eneo la kurukia na saa za majaribio. Kama injini na propela ni jozi iliyoidhinishwa rasmi, saa 25. Yangu haikuwa hivyo, nikapewa 40, bila abiria.

Iliruka Agosti 2022, saa 12 na nusu asubuhi, upepo hakuna. Nilizunguka juu ya uwanja dakika 35. Sitasimulia machozi. Nitasimulia mkono wangu wa kulia, ambao ulishuka ukiuma, kwa sababu dakika zote 35 nilikuwa nasukuma usukani kulia ili ndege isilalie kushoto.

Ugonjwa huo mafundi wa RV wanauita bawa zito. Dawa yake nilidhani ni utani nilipoambiwa. Kwenye banda la jirani kuna babu mmoja wa Kimarekani, rubani mstaafu, aliyeshaunda mbili. Alikuja, akapitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma wa eleroni zangu, kile kipande cha bawa kinachopanda na kushuka, akasema ule wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Bati limekunjwa pale, na mkunjo wa kulia ulikuwa umebaki na tumbo kidogo. Unachofanya ni kuubinya ukingo wa eleroni ya bawa jepesi, kwangu la kulia. Ukiwa mwembamba, hewa inaivuta ile eleroni ipande kidogo, na bawa jepesi linashuka kulingana na mwenzake. Koleo la kazi hiyo ni lile lile la midomo mipana ninalokunjia kingo za mifereji ya viyoyozi. Nilikuwa nalo kwenye gari.

Kabla ya kubinya, hakikisha hujidanganyi. Rubani akiwa peke yake anakaa kushoto, na mafuta yanaweza kuwa mengi upande mmoja. Nilisawazisha matangi, nikafunga mkanda kwenye kiti cha kulia mifuko minne ya chumvi ya kulainishia maji, kilo 18 kila mmoja. Huyo ndiye abiria pekee niliyeruhusiwa. Nikaruka, nikaachia usukani, nikahesabu sekunde mpaka bawa lilale. Nikatua, nikafunika ukingo kwa tepu, nikabinya kwa urefu wote kwa nguvu ya kuminya ndimu iliyokauka. Nikaruka. Nafuu kidogo. Nikabinya tena. Nafuu. Mara ya tatu nikajiona bingwa, na ndege ikaanza kulalia kulia.

"Leo umebinya mara ngapi?" babu akaniuliza.

"Tatu."

"Kesho binya mara moja, kisha uende nyumbani."

Ukizidisha kuna kurudi nyuma, bahati nzuri. Unaweka kipande cha mbao kwenye ukingo na kukigonga taratibu kwa nyundo mpaka bati litanue tumbo tena. Nilikuwa napiga vile vigongo vidogo, to, to, to, nikamkumbuka baba anavyonyoosha mdomo wa sufuria. Saa ya 11 ya majaribio niliachia usukani, ndege ikaenda yenyewe dakika nzima.

Baada ya hapo nikaona gololi, ile ndogo ndani ya kioo kilichopinda inayoonyesha kama ndege inakwenda mshazari. Ilikuwa imekaa kulia. Sikugusa mfumo wowote, nilibandika kabari ndogo ya mbao kwa tepu kwenye ukingo wa nyuma wa usukani wa mkia, upande wa kushoto, nikaipunguza urefu safari kwa safari mpaka gololi ikarudi katikati. Ikishapatikana ndipo unaibandika kwa gundi na rangi.

Joto lilikuwa jingine. Injini iliyofanyiwa ukarabati mkubwa haitaki kubembelezwa saa za mwanzo, inataka nguvu nyingi ili pete za pistoni zikae, na nguvu nyingi ni joto. Silinda ya 3, ya nyuma kulia, ilikuwa inapita nyuzi 215 za Selsiasi wakati wenzake wako 190. Kikomo cha Lycoming ni 260, lakini wengi wetu hatupendi kuona juu ya 204. Kosa lilikuwa bati la kuelekeza hewa nyuma ya silinda hiyo, lilikuwa limegandamana na mapezi yake ya kupoozea kiasi kwamba hewa haina pa kupita. Niliweka washa moja nene, kile kiduara cha chuma cha chini ya nati, kati ya bati na silinda, na silikoni kwenye nyufa zote ambazo ukiwasha tochi upande wa pili zinaonyesha mwanga. Ikashuka nyuzi 14. Dawa ya bei ya soda.

Lililonikera ni kosa nililolilipia. Kwenye RV tundu linalosikiliza hewa iliyotulia kando ya kiwiliwili, ambalo kipimo cha mwendo kinalitegemea, ni kichwa tu cha ribiti ya mviringo yenye shimo. Mimi nikaona ni ushamba, nikanunua kwa muuzaji mwingine matundu mazuri ya kung'aa yanayolala sawasawa na bati. Kipimo cha mwendo kikawa kinasoma pungufu kwa maili 8 kwa saa, niligundua kwa kuruka pande nne na kulinganisha na GPS. Ule uvimbe wa ribiti una kazi, unarekebisha mgandamizo wa hewa mahali pale. Nimerudisha ribiti. Zile zinazong'aa ziko kwenye kopo la misumari.

Propela niliisawazisha kwa mtu mwenye kifaa cha kupima mtikisiko, anafunga vizito vidogo mbele ya injini mpaka namba ishuke. Saa mbili, na dashibodi ikaacha kutetema. Usiruke hatua hii. Na ile nati ya uma wa gurudumu la mbele ikaze kwa mizani ya kupimia samaki kama maelekezo yanavyotaka, gurudumu lisipige chenga. Gurudumu lenyewe ni dogo na linataka njia laini. Mwenye ndoto ya kutua kwenye changarawe na mashimo ya vichuguu aangalie ndege nyingine.

Napendekeza? Kwa mtu mwenye subira na mwenzi wa ndani ya bati, nyota tano. Kwa anayetaka kuruka mwaka huu, anunue iliyokwisha.

Sasa ina saa 190. Mwezi uliopita nimevisha magurudumu viatu vyake vya kukata upepo, mwendo umeongezeka, lakini gololi imesogea tena, kushoto safari hii. Kabari nyingine ninayo mfukoni. Nimeshauriwa nisiibandike, kiatu kimoja kinaweza kuwa kimekaa mshazari. Jumamosi naenda bandani na uzi na timazi.