Kompyuta ya lita 11 inayopozwa kwa maji katika joto la Dar: uzoefu wangu

Ninachora majengo kwa 3D, kisha nayasomea maelezo kwa sauti yangu mwenyewe. Chumba ninachorendea picha (yaani kompyuta inapogeuza mchoro kuwa picha kamili) ndicho ninachorekodia, kwa hiyo kompyuta inayonguruma inaniharibia kazi: mteja anasikia sauti yangu na feni zangu kwa pamoja. Mashine hiyohiyo naibeba kwenda kwa wateja na kwenye ofisi za wakandarasi, mara nyingine ndani ya bajaji, nikiwa nimeipakata. Ndiyo maana nilijenga kompyuta ndogo ambayo prosesa na kadi ya picha vinapozwa na mzunguko mmoja wa maji, niliouunga mwenyewe. Nimepita nayo kiangazi cha Dar es Salaam, ile miezi ya Desemba hadi Machi, na nimepita nayo kipupwe pia. Ninayoyaandika hapa si furaha ya wiki ya kwanza.

Kasha ni Lian Li A4-H2O, lililobuniwa kwa ushirikiano na DAN Cases. Ujazo wake ni lita 11. Ndani mothabodi, ubao mkuu wa kompyuta, inakaa upande mmoja na kadi ya picha upande wa pili, zimepeana mgongo, na kebo bapa ya PCIe ndiyo inayoziunganisha. Rejeta, yaani kipozeo ambamo maji yanapita na kupozwa na hewa ya feni, inalala juu, chini ya paa. Inaingia ya milimita 240, lakini rejeta na feni zake kwa pamoja zisizidi milimita 55. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, hivyo unabakiwa na 30 za rejeta, basi. Kipozeo cha juu ya prosesa nacho kina mpaka wa milimita 55 za urefu. Pawa saplai lazima iwe ya aina ya SFX na mothabodi iwe mini-ITX, yaani milimita 170 kwa 170. Vipimo hivi ndivyo vilivyoniamulia karibu kila kitu kingine, na nakushauri uviandike ukutani kabla hujatoa hata shilingi.

Nilichagua AMD Ryzen 9 7900, yenye viini 12 na TDP (kiwango cha joto la kupozwa) ya wati 65, na kadi ya picha ya RTX 4070, ambayo kiwango chake ni wati 200. Niliulizwa sana kwa nini sikuchukua kadi kubwa kabisa, kwa vile maji yapo. Jibu liko kwenye rejeta. Maji yanabeba joto tu, hayaliondoi. Kazi ya kulitoa ni ya rejeta na hewa inayopita humo. RTX 4090 peke yake ina kiwango cha wati 450. Ukiisukumia rejeta moja ya 240 mzigo huo wote, pamoja na prosesa, maji yatapata joto kupita kiasi au feni zitapiga kelele uliyokuwa unaikimbia. Prosesa yangu ikibanwa inafika wati 88 hivi, kadi inaongeza 200. Jumla ni chini kidogo ya wati 290, na kwa rejeta hii katika hewa yetu naona hapo ndipo pa kuishia.

Hewa yetu ndiyo habari yenyewe. Video nyingi za ujenzi wa namna hii zimerekodiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 21. Mimi chumba changu kiangazi kina 31, wakati narekodi kikiwa na zaidi, kwa sababu nazima AC na panga boi. Hakuna rejeta duniani itakayoshusha maji chini ya joto la hewa inayopita ndani yake. Kwa hiyo ukiona mtu anasema maji yake yako nyuzi 32 akiwa anarenda, ongeza tofauti ya chumba chako na chake ndipo ujue utakachokipata wewe. Kwangu, nikirenda kwa prosesa na kadi kwa pamoja hadi joto litulie, maji yanasimama kwenye 46 au 47. Kadi inakaa karibu na 60, prosesa kwenye sabini na kitu. Feni zinazunguka kama mara 1,300 kwa dakika, na maikrofoni yangu mita moja na nusu kutoka hapo haizisikii. Kabla ya hapo, kadi hiyohiyo na feni zake za kiwandani ilikuwa inafika 74, na ukirekodi unaisikia ikipanda na kushuka.

Huko kupanda na kushuka ndiko kulikokuwa kunanikera kuliko ukubwa wa sauti. Sikio linazoea mvumo usiobadilika, na programu ya kusafisha sauti inauondoa vizuri, lakini feni inayoshtuka kila sekunde kumi haisafishiki. Dawa yake imo kwenye maji yenyewe, maana yanapanda joto polepole, kama sufuria kubwa jikoni. Sharti ni feni zifuate joto la maji, zisifuate joto la prosesa, ambalo linaruka nyuzi ishirini ukifungua programu tu. Mimi nimefunga kitambuzi kidogo cha joto ndani ya mzunguko na kukiunganisha na kidhibiti cha Aqua Computer kiitwacho QUADRO, chenye njia nne za feni. Ni kifaa kidogo, kinaingia popote, na ukishakipanga mipangilio inabaki ndani yake. Kama bajeti yako inabana, punguza kwenye taa za rangi na mapambo, lakini kitambuzi cha maji usikiache. Kwangu hicho ndicho kilicholeta utulivu, pengine kuliko rejeta yenyewe.

Feni ni Noctua NF-A12x25 mbili. Sina la kuongeza juu ya sifa zake, zinastahili.

Pampu ilinipa kazi ya kufikiri. Ndani ya lita 11 hakuna pa kuweka pampu na tangi la maji kwa starehe, kwa hiyo nilichukua bloku ya prosesa, yaani kipande cha metali kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji, yenye pampu ndogo aina ya DDC juu yake, iliyo fupi ya kutosha kuingia kwenye zile milimita 55. Bloku ya kadi ya picha ni ya kufunika kadi nzima, chipu, kumbukumbu na sehemu za umeme. Hapa angalia sana: bloku hizi zinatengenezwa kwa ubao wa kadi maalumu. RTX 4070 ya kampuni moja na ya kampuni nyingine zina mpangilio tofauti wa vipuri, na bloku ya hii haikai kwenye ile. Tafuta bloku kwanza, uone inauzwa na inatajwa kwa jina kamili la kadi, ndipo ununue kadi. Madukani Kariakoo utapata kadi nzuri kwa bei nzuri ambayo haina bloku inayotengenezwa popote.

Swali jingine linaloulizwa ni maji yaanzie wapi, kwa prosesa au kwa kadi. Piga hesabu uone. Maji yakipita lita moja kwa dakika, wati 300 zinayapandisha nyuzi nne na kidogo tu kwa mzunguko mzima. Tofauti ya kuanza huku au kule ni ndogo mno, kwa hiyo fuata njia yenye mipira ya maji mifupi na mikunjo michache. Mimi natoka kwenye rejeta, napita kwenye kadi, naingia kwenye prosesa na kurudi.

Mpira niliotumia ni wa EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, mweusi, usiopitisha mwanga. Haupendezi kwa picha, nakubali. Lakini ile ya plastiki laini inayoonyesha maji, mingi inaachia kemikali ya kulainishia plastiki, na kwenye joto jambo hilo linakwenda haraka. Inaishia kwenye mifereji myembamba ya bloku na kuiziba. Mashine yenye maji ya nyuzi 46 kila siku ya kazi haihitaji majaribio hayo. Kwenye metali pia nilikaa upande mmoja: shaba nyeupe, shaba nyekundu na nikeli, bila alumini popote inapoguswa na maji. Alumini na shaba zikikutana kwenye maji yaleyale, alumini inaliwa.

Fitingi, yaani viungio vya mipira, ndizo zilizonipa shida. Seti ya kwanza ya elbo (fitingi za kona), niliyoagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa bei iliyonivutia, ilikuja na oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) ngumu zisizojaa kwenye mfereji wake. Kwa macho huoni kitu. Aliyeniokoa ni fundi wa AC anayehudumia jengo letu. Alinikuta nimetandika vifaa mezani nikijiandaa kujaza, akaniambia, "Dada, upepo kwanza, maji baadaye. Maji hayana msamaha." Akaniazima pampu ya mkono yenye geji ya presha. Tukajaza upepo hadi nusu bar, tukaziba, tukaacha. Mshale ukashuka mbele ya macho yetu. Panapovuja tulipapata kwa kupaka povu la sabuni kwenye maungio: elbo mbili kati ya zile mpya. Nilibadilisha seti nzima, tukarudia, na mshale haukusogea jioni yote. Tangu hapo sijaona tone. Pampu yenye geji ni pesa ndogo, na katika orodha yote ya vifaa ndicho cha kwanza ningemwambia mtu anunue.

Maji yenyewe: kulanti (kimiminika cha kupozea) iliyokwisha kuchanganywa ni taabu kuisafirisha kwa ndege, wasafirishaji wengi wanaikataa kwa kuwa ni kimiminika. Nilipata chupa ndogo ya kulanti nzito ya kompyuta, yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu, nikaichanganya na maji yaliyoondolewa madini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Maji hayo yanauzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma chupa vizuri. Ya kuongezea betri ni maji matupu, lakini pembeni yake mara nyingi panakaa asidi ya betri, na chupa zinafanana. Mzunguko mzima unachukua robo lita hivi. Kuujaza ni kazi ya subira, kwa sababu hakuna tangi: unawasha pampu peke yake, kompyuta ikiwa haina umeme, unalaza kasha huku na huku hadi mapovu yatoke, unaongeza, unarudia. Tenga jioni nzima na taulo nyingi.

Watu wa pwani wananiuliza kuhusu unyevu, kwamba hewa ya bahari itaganda matone juu ya mipira kama inavyoganda kwenye chupa ya soda baridi. Haiwezekani hapa. Matone yanatokea juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa, na maji yangu daima yako juu ya joto la chumba. Adui wa kweli wa Dar ni vumbi. Rejeta iko juu na feni zinasukuma hewa nje, kwa hiyo vumbi linanaswa zaidi kwenye matundu ya pembeni, nami nayapitishia brashi laini kila mwisho wa wiki. Zikipita wiki kadhaa bila kufanya hivyo, joto la maji linapanda nyuzi mbili au tatu, linaonekana wazi kwenye grafu.

Umeme ukikatika ghafla, UPS inanipa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Kwenye miezi ya joto kali nimeiwekea kadi mpaka wa asilimia 85, yaani wati 170. Muda wa kurenda unaongezeka kidogo mno, sijawahi kuchelewa kazi kwa ajili hiyo, na maji yanashuka hadi 44.

Sasa gharama, na hapa niseme wazi. Vifaa vya maji peke yake, yaani rejeta, bloku mbili, pampu, mipira, fitingi, kitambuzi na kidhibiti, vilivuka shilingi milioni moja, kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 18. Kipozeo cha maji cha kiwandani cha milimita 240, kinachokuja kimefungwa na kujazwa tayari, kinaingia kwenye kasha hilihili na gharama yake ni kama robo ya hiyo. Kama unacheza magemu au unahariri video ukiwa umevaa hedifoni, chukua hicho, kadi ibaki na feni zake, na fedha iliyosalia nunua SSD kubwa. Ukiwa na meza yenye nafasi na huhami, kasha kubwa lenye feni nzuri litakupa ukimya uleule kwa nusu ya taabu.

Mimi nimelipa milioni hiyo kwa sababu narekodi sauti mita moja na nusu kutoka kwenye mashine inayorenda, ndani ya chumba kisicho na AC inayowaka, na kesho yake naiweka kwenye begi la mgongoni. Kwa kazi hiyo haswa, sijaona kingine kinachoifanya vizuri hivi. Kila mwaka namwaga maji, nafungua bloku ya prosesa na kuangalia mifereji kwa tochi. Mara ya mwisho shaba ilikuwa safi, na maji yalitoka na rangi yaliyoingia nayo.