Bunduki ya Joto au Mita ya Waya? Nimezipa Fimbo Nne Zipime

Haya jamani karibuni, leo tuko kwenye karakana yangu hapa nyumbani Kampala na mezani nina vitu viwili mnavyoniulizia kila siku, hii bunduki ya infraredi ya kupima joto, na hii mita yenye waya mbili za kupimia, kila waya wenyewe wanauita themokapo aina ya K. Nyinyi mnataka kujua moja tu, ninunue ipi. Sitawasomea maneno ya kwenye boksi, nimezipa kazi ya kupima joto linavyopita ndani ya fimbo ya metali, na hiyo kazi kipimo kibovu hakiwezi kujificha.

Cheki hapa. Fimbo nne, shaba nyekundu, aluminiamu, chuma cha kawaida ile raundiba ya mawelda, na stenlesi. Zote unene ni milimita 12, zote zimetokeza sentimita 30 juu ya hiki kibao, huku chini zimezama kwenye maji yanayochemka. Kibao kikae vizuri jamani, ndo kinazuia mvuke usipande kupasha fimbo kwa nje, bila hicho unapima mvuke tu. Fimbo zenyewe ulizia kwa mafundi wa mtaa wa Katwe hapa Kampala, chukua zilizo laini, nondo zenye mikunjo hapana.

Kabla ya yote pima kipimo chenyewe. Maji yenye barafu iliyopondwa, mita isome 0 au karibu yake. Maji ya kuchemka, hapa Kampala usingoje 100! Huku juu tuko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye 96 hivi, kwa hiyo ukiona 96 usikimbie kurudisha mita dukani, iko sawa kabisa.

Sasa tuanze na bunduki. Naielekeza ncha ya aluminiamu... inasema 29. Haya gusa kwa kidole, si unaona mkono unaruka wenyewe? Mita ya waya palepale inasema 63. Bunduki sio mbovu, shida ni kwamba inasoma mwanga wa joto unaotoka kwenye kitu, na metali inayong'aa inatoa kidogo sana, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya kile kinachotoa kitu cheusi, kingine chote unachosoma ni joto la chumba linaakisiwa kama kwenye kioo. Na hizi za bei nafuu zimefungwa kwenye imisiviti 0.95, yaani zinachukulia kila kitu kinatoa mwanga wa joto karibu kama kitu cheusi, huwezi kubadilisha. Dawa yake ni rahisi, paka rangi nyeusi isiyong'aa au zungushia tepu nyeusi ya umeme, ona sasa, 61. Alafu sogea karibu! Imeandikwa 12:1, maana yake ukisimama sentimita 24 inatazama duara la sentimita 2, na fimbo ni milimita 12 tu, kwa hiyo ukuta nao unaingia kwenye hesabu. Kale kataa kekundu ni ka kulengea tu, hakapimi kitu.

Mita ya waya sasa, hapa ndo moyo wangu ulipo. Tazama ncha ya waya mmoja wa kupimia, ndani yake vijiwaya viwili vya metali tofauti vimechomelewa vikawa kishanga kidogo kama kichwa cha pini, kile kishanga kikipata joto vinatoa volti ndogo mno na mita inaigeuza kuwa nyuzi. Kishanga lazima kilale kwenye fimbo, tia tone la ile pesti ya kupitisha joto ya mafundi wa kompyuta, funga na tepu, usikiache kinaning'inia hewani.

Nikaacha maji yachemke mpaka namba zikatulia kabisa. Nchani shaba 75, aluminiamu 63, chuma 37, stenlesi 27 wakati chumba chenyewe ni 25, yaani chini maji yanachemka na juu unashika bila wasiwasi! Inaendana na vitabu, shaba inapitisha joto kama mara nane ya chuma cha kawaida, na chuma kinaipita stenlesi mara tatu hivi. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni mwanzoni, aluminiamu ilipanda karibu sawasawa na shaba, maana ujazo uleule wa aluminiamu unahitaji joto kidogo kuliko shaba ili upande nyuzi moja, ndo inakimbia hivo ingawa inapitisha karibu nusu tu. Bunduki bila rangi nyeusi isingekuonyesha hayo hata kidogo.

Kwa hiyo mwalimu, mwanafunzi, fundi, kama pesa inatosha kitu kimoja, chukua mita ya waya mbili, unapima sehemu mbili kwa wakati mmoja na unaona joto linavyoshuka njiani. Bunduki ni ya paa lisilong'aa, injini, sigiri, vitu vyeusi na vichafu, huko ni nzuri sana na ni haraka. Na kama hela hamna kabisa, dondoshea nta ya mshumaa kwenye fimbo kila sentimita 2, kwenye shaba itayeyuka mpaka juu, kwenye chuma itaishia kama sentimita 10, mtoto wa shule anaelewa bila mita yoyote.

Jambo la mwisho kwenye hii mita, inatumia betri ya volti 9 na ikichoka namba zinaanza kurukaruka, weka mpya kabla hujawasha jiko.