Miaka miwili chuo cha Biblia cha bweni: maoni yangu kwa anayefikiria kwenda

Bwana asifiwe wapendwa. Nimemaliza kozi ya miaka miwili ya chuo cha Biblia, ile ya kukaa bweni kabisa, na tangu nirudi nyumbani watu kama sita hivi wameshaniuliza swali lilelile, je inafaa? niende au nisome tu onlaini huku naendelea na kazi zangu? Sasa nayaandika yote hapa kwa pamoja. Jina la chuo silitaji, maana kuna mambo nitayasema ambayo hayakunifurahisha na sitaki kumchafua mtu, halafu nimeongea na waliosoma vyuo vingine nikaona mengi yanafanana.

Mimi niliomba nafasi kwa ajili ya masomo. Nilitaka kuijua Biblia vizuri, nilitaka mtu anifundishe Kiyunani, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa kwanza, nilitaka kujifunza kuandaa mahubiri yenye mpangilio sio kurukaruka mistari. Hayo nimeyapata na nitayaeleza. Lakini kitu kilichonigeuza kabisa mwaka wa kwanza ni karatasi ya zamu.

Karatasi yenyewe ni ya kawaida, imepigwa mistari kwa rula, imetundikwa kwenye msumari mlangoni pa bwalo. Upande mmoja majina, upande mwingine kazi: vyoo, jikoni, kufagia uwanja, kupiga kengele alfajiri, kukaa na wagonjwa bwenini. Wiki yangu ya kwanza naangalia jina langu naona limeandikiwa jikoni, masufuria. Mstari wa chini yangu kuna jina la mkuu wa chuo. Nikajua tu ni mwanafunzi mwenye jina kama lake. Usiku naingia jikoni namkuta mzee mwenyewe amekunja mikono ya shati, amepiga magoti, kichwa na mabega yote yamezama ndani ya lile sufuria kubwa la kupikia chuo kizima, anakwangua ukoko kwa kijiko. Akatoa kichwa akasema karibu mwanangu, lile la pili ni lako. Basi. Hakunihubiria. Alichonifundisha usiku ule ni kwamba ukoko ukiulowesha maji ya moto ukausubiri kidogo unabanduka wenyewe, ukiukazania mkavu unaumiza vidole tu. Tulikaa pale kama saa nzima tunasugua, ananiuliza habari za nyumbani, nani alinileta kwa Yesu, nalala vizuri au bado ugeni unanisumbua, na mimi namjibu kama namjibu babu yangu kwa sababu mtu mwenye masizi mpaka kwenye kiwiko huwezi kumwogopa.

Mwaka wa pili kwenye historia ya kanisa tukafika kwa Dietrich Bonhoeffer, yule mchungaji Mjerumani aliyeongoza chuo kidogo cha kuandaa wachungaji wa lile kanisa lililokataa kuburuzwa na Wanazi. Walianza 1935, mwaka huohuo wakahamia mahali panaitwa Finkenwalde, na 1937 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakakifunga. Mwalimu akatusimulia kwamba siku za mwanzo jikoni walileta ombi la watu wa kusaidia kuosha vyombo, wanafunzi wakabaki wameketi, basi Bonhoeffer akainuka mezani bila kusema neno akaingia jikoni mwenyewe, na walipomkimbilia kumsaidia akakataa kuwafungulia. Darasa zima tukaangaliana. Mimi machozi yalinilenga, nilikuwa nimeshaiona hiyo kwa macho yangu.

Kuna jambo lingine la kule Finkenwalde ambalo chuo chetu pia walijaribu kulishika, nalo ni kutomsema mwenzako akiwa hayupo, na ukiteleza ukamsema basi unamwendea unamwambia mwenyewe. Kwa maneno ni rahisi. Kukaa nalo mabwenini, watu kumi na wawili chumba kimoja, mmoja anakoroma mwingine anaazima ndoo harudishi, ni kazi kweli. Mimi nimeshawahi kutembea usiku kutoka bweni moja hadi lingine kwenda kumwambia ndugu, leo mchana nilikusema vibaya kwenye foleni ya maji, nisamehe. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku yoyote niliyowahi kwenda kuhubiri. Alinyamaza kidogo akasema sawa, na mimi nilishakusema juzi. Tukaomba pamoja palepale nje. Sasa hiyo huwezi kuipata kwenye video ya somo hata ukiirudia mara kumi.

Turudi kwenye masomo maana najua kuna watu wanasubiri hapo. Ni mazuri, ila hayako sawa. Agano Jipya na Kiyunani nimefundishwa na watu wanaojua wanachofanya, Agano la Kale pia. Homiletiki, yaani somo la kuandaa na kutoa mahubiri, ilikuwa ya kawaida tu. Uongozi na utawala wa kanisa ilikuwa kunakili tu kutoka ubaoni, nilisikitika, kwa sababu nusu ya watakaohitimu ndiko wanakokwenda kukwamia, kwenye mahesabu ya kanisa na vikao. Maktaba ndogo, vitabu vingine vina nakala moja tu na asaimenti ikitoka mnaanza kuviwinda. Ukiwa mtu wa kusoma sana beba vya kwako.

Ila Kiyunani nikupe mfano mmoja uone nilichopata. Wagalatia 6:2 inasema tuchukuliane mizigo, halafu mstari wa 5 inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Miaka yote nilikuwa naisoma naona kama inajipinga. Mwalimu akaandika ubaoni maneno mawili, baros na phortion. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni mzigo wa kawaida ambao kila msafiri hubeba wa kwake. Akasema kazi yenu hapa chuoni miaka hii miwili ni kujifunza kutofautisha, msimbebee mtu furushi lake mkamlemaza, na msimwachie peke yake jiwe linalomponda. Nililiandika hilo kwenye jalada la daftari na mpaka leo ndilo ninalotumia mtu akija kuniomba msaada.

Hapo ndipo niseme habari ya kutiana moyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nguvu ya chuo na pia ndiyo iliyokuwa kasoro yake kubwa.

Mpango wao ni vikundi vya watu sita sita, mnakutana asubuhi kabla ya ibada mnasoma, mnaombeana, unasema ukweli wa hali yako. Msingi wao ni Waebrania 10:24, kuangaliana sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri. Kwa sehemu kubwa ilifanya kazi vizuri sana. Watu walikuwa wanakumbuka. Ukisema Jumatatu una hofu ya mtihani, Alhamisi kuna mtu anakuuliza uliendaje.

Lakini semista ya pili mama yangu aliugua sana, na mimi niko mbali, na sina uwezo wa kwenda. Nikasema kikundini. Kiongozi wa kikundi, mtu mzuri tu mwenye bidii, akaanza kunihoji kama kuna dhambi sijatubu, mwingine akasema nikiri uponyaji nisiseme tena kwamba anaumwa, na Ijumaa kwenye ushuhuda nilipoinua mkono kusema hali bado ni ngumu naomba mnikumbuke, nikaambiwa kwa upole kwamba ushuhuda ni wa ushindi. Nikakaa chini. Wapendwa nawaambia ukweli, wiki ile nilifungasha nguo.

Aliyenizuia ni kijana wa kitanda cha juu yangu, mtu mkimya, darasani hata hasikiki. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu usiku ule hakusema kitu kabisa. Asubuhi naenda kwenye zamu yangu ya vyoo nakuta pamesafishwa. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikaamka mapema nikamkuta yuko na ufagio, akasema wewe nenda kapige simu nyumbani, huku kuna mtu. Alifanya hivyo wiki mbili, zamu zake na zangu. Mama alipona taratibu namshukuru Mungu, lakini hata asingepona najua ningemaliza chuo kwa sababu ya huyo ndugu.

Nilipokuja kutulia nikamweleza mwalimu wetu wa Agano la Kale yote, akanifungulia 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amechoka amelala chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anaomba afe, malaika anakuja, na hamkemei. Anamgusa anamwambia inuka ule, anamwacha alale tena, anarudi mara ya pili na chakula. Na marafiki wa Ayubu, mwalimu akasema, walifanya vizuri siku saba walizokaa chini naye kimya, shida ilianza walipofungua vinywa. Kisha mwalimu akafanya kitu ambacho nakiheshimu mpaka kesho, akalipeleka suala lile kwenye kikao cha walimu, na muhula uliofuata wakaweka muda wa kuombolezea pamoja na muda wa ushuhuda, wakisoma zile Zaburi za kulia, kama ya 13 na ya 88 ambayo inaisha gizani kabisa. Kiongozi wangu wa kikundi alikuja kuniomba msamaha na leo ni rafiki yangu. Kwa hiyo kasoro ipo naisema waziwazi, na pia nasema walikubali kurekebishwa. Sio vyuo vyote wanakubali.

Huduma za nje ni kila mwisho wa wiki: nyumba kwa nyumba, shule ya Jumapili, gereza, hospitali. Mimi nilipangiwa hospitali mwaka mzima. Mwanzoni niliingia wodini na traktati, vile vijikaratasi vya injili, na mistari yangu ya kukariri, nikatoka nimechoka na nadhani na wagonjwa niliwachosha. Mzee mmoja aliniambia kijana niwekee kwanza mto vizuri halafu ndio uombe. Nikamwekea, nikamsogezea maji, nikaomba sentensi tatu, akalala. Tangu hapo naanza na mto. Nilitamani tu chuo kingetupa mafunzo kidogo kabla ya kutuingiza wodini, hata siku mbili za nesi kutueleza namna ya kunawa, lini usimguse mgonjwa, na namna ya kuondoka bila kumchosha mtu. Kutupeleka tukiwa wabichi vile haikuwa haki kwa wagonjwa, na niliwaambia hivyo kwenye fomu ya tathmini.

Sasa onlaini au bweni? Nina rafiki amesoma kozi kama yangu kwa simu akiwa kazini, Kiyunani ananishinda, na familia hakuiacha. Mwenye watoto wadogo au mwenye wazazi wanaomtegemea simshauri avunje nyumba yake ili akakae bweni, asome onlaini na ajishikize kwenye kanisa lenye watu wa kumwambia ukweli. Lakini kama uko huru, na hasa kama wewe ni mtu wa vipawa, unahubiri vizuri na watu wanakusifia, nakushauri nenda bweni. Barnaba mitume walimwita Mwana wa faraja, na neno la Kiyunani pale linatoka shina moja na lile la Msaidizi ambalo Yesu anamwita Roho Mtakatifu kwenye Yohana 14, yaani mtu aliyeitwa akae kando yako. Barnaba ndiye aliyekwenda Tarso kumtafuta Sauli, ambaye ndiye Paulo, na kumleta Antiokia, wakafundisha mwaka mzima, na ndiye aliyembeba Marko wakati Paulo hamtaki tena. Mwishoni Paulo mwenyewe anaandika umlete Marko, ananifaa. Ukae kando ya watu miaka miwili, na wao wakae kando yako, utaelewa ile habari kwa namna nyingine.

Nyota natoa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya maktaba, lile somo la uongozi, na kutupeleka wodini bila maandalizi. Habari ya mama siikatii nyota kwa sababu walitengeneza.

Na kama unachagua kati ya vyuo viwili vitatu, usiishie kusoma vipeperushi. Omba kutembelea siku moja ya kawaida, sio siku ya mahafali. Kaa kwenye ibada ya asubuhi, uliza wanafunzi wa mwaka wa pili mtu akifiwa hapa huwa mnafanyaje, usikilize wanavyojibu. Halafu kabla hujaondoka pita mlangoni pa bwalo usome karatasi ya zamu, uangalie kama majina ya walimu yamo.